Chanzo cha Kwanza Kilikuwa Kimeketi Safu ya Mbele

Mkicheka, chekeni kwa adabu, maana hata leo nikiona projekta mimi hutafuta mlango. Mimi nilisoma hadi fomu foo tu, kidato cha nne, na kazi yangu katika maktaba ya chuo kimoja karibu na Keroka ni kupanga vitabu na kuwafukuza wanaokula mandazi kati ya rafu (mimi hula yangu nyuma ya rafu ya sheria, huko hakuna anayefika). Jumanne moja Madam Nyaboke, mkutubi wetu, aliitwa mkutanoni Kisii mjini, akaniachia wanafunzi wa mwaka wa kwanza niwafundishe kutafuta habari mtandaoni.

"Ni rahisi," akasema. "Waambie swali lisiwe pana, waongeze mahali, waweke alama za kunukuu, na wapendelee chanzo cha kwanza, yaani mwenye habari mwenyewe."

Akaenda, na nywila ya kompyuta akaenda nayo. Hapo ndipo nilipokosea: badala ya kumpigia, nikaunganisha simu yangu kwenye projekta.

Nimemaliza kuwaeleza hayo yote, mlango ukafunguka, akaingia prinsipo na mgeni wa bodi, Mzee Ombati, mzee wa kanisa kutoka Magwagwa. Chuo kizima hakikujua kwamba huyo ndiye babake Moraa, na Moraa ndiye niliyekuwa nipeleke wazee wangu kumposa Jumapili ile, na mzee akikataa, basi, nimemkosa. Halafu kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye woga kati yako na wakwe, hata kukohoa mbele yao unaona haya. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, akaniuliza kama najua kukamua, nami nikajibu, "Sana, mzee." (Ng'ombe akinitazama, mimi huvuka barabara.)

Akaketi safu ya mbele, kofia magotini.

"Endelea, mwalimu," prinsipo akasema.

Nikagusa kisanduku cha kutafutia, na simu, msaliti yule, ikamwaga ukutani yote niliyotafuta wiki ile, kwa herufi kubwa kama za bango la kanisa: *naogopa ng'ombe nifanye nini*, *jinsi ya kujifanya unajua kukamua*, *baba mkwe mkali hupenda nini*.

Darasa likalipuka. Nikataka kufuta, lakini kidole kikakosea, kikabonyeza ile ya tatu, majibu yakamiminika kutoka kila pembe ya dunia.

"Sir, hilo swali ni pana mno!" msichana mmoja akaita.

"Mfano mzuri huu," prinsipo akasema, akidhani nimeupanga. "Ongeza mahali."

"Weka kaunti, Nyamira!"

Nikaweka, ningefanyaje? Jasho lilikuwa limefika kwenye soksi.

"Bado ni pana, sir! Weka Magwagwa, huko ndiko kuna wakwe wakali!"

"Weka mzee wa kanisa! Na alama za kunukuu!"

Kila neno lilimsogelea mzee wa watu, kama vile wachuma chai wanavyomzingira nyoka shambani, na yeye hacheki, ananitazama tu. Nikabonyeza. Ukutani pakaandikwa kwamba hakuna kilichopatikana.

Mzee akasimama polepole.

"Mwalimu, ulisema chanzo cha kwanza ni nini?"

"Ni... mwenye habari mwenyewe, mzee."

"Basi zima simu, uniulize."

Prinsipo akamtazama, akanitazama, akaelewa baba mkwe ni nani. Nikazima simu.

"Mzee... unapenda nini?"

"Mtu asiyenidanganya kuhusu ng'ombe." Akavaa kofia. "Jumapili utangulie wazee wako. Uje na gambuti za kuingilia zizini."

Jumapili nikatangulia, nikakuta ndoo mlangoni kwa mzee, na ng'ombe amefungwa, ananitazama. Nilikamua nimefumba macho, nikapata nusu kikombe. Mzee akakichungulia, akasema, "Sasa huu ndio ukweli wako," kisha akaingia ndani kuwangoja wazee wangu.

Moraa nilipewa. Simu yangu haitaonja projekta tena, na mtu akiniuliza kama najua jambo fulani, jibu ni sijui, hata kama nalijua. Lakini ng'ombe bado namwogopa, na kila tukienda Magwagwa naitwa nikamue, na kila nikiinua macho namkuta mzee ameketi kwenye stuli, kofia magotini, safu ya mbele.