Mbuzi wa Ubaoni

Nakumbuka tulipokuwa darasa la tano pale Lodwar, kitabu kimoja cha Kiingereza kilisomwa na watoto watano, na aliyekaa ukingoni alizoea kusoma maneno yakiwa yamelala ubavu. Saa sita mabati yalilia kwa joto, mchanga uliingia hadi kwenye githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana, na bado Madam Rhoda, mwalimu wetu aliyetoka Bungoma, alisimama ubaoni bila haraka.

Somo lililotusumbua ni la kupatanisha mtendaji na kitenzi cha Kiingereza. Mbuzi akiwa mmoja, "s" inakaa kwenye kitenzi: "the goat eats". Wakiwa wengi, inahamia kwa mbuzi: "the goats eat". Sisi tuliiweka kote kote, kwa ukarimu tu.

"Hiyo herufi ni kama kengele," Madam alitufundisha. "Mnayo moja. Ukimfunga huyu, yule hapati."

Tukaelewa, isipokuwa Akiru, jirani yangu wa dawati. Alikuwa ametoka Lokiriama kuja kukaa kwa shangazi yake ili asome, na baba yake aliweka sharti: Kiingereza kikimshinda kwenye mtihani wa muhula, atarudi kuchunga mbuzi. Madam alichora mbuzi ubaoni akamuuliza ni wangapi. Akiru akanyamaza. Kesho yake tena, kimya.

"Mtoto wa mbuzi ameshindwa na mbuzi," mwenzetu Ekai alimtania, nasi tukacheka. Naona aibu hadi leo, maana Akiru ndiye aliyeleta kuni nyingi za jikoni pale shuleni kuliko sisi wote.

Zilipobaki siku chache mtihani ufike, baba yake akaja, kigoda mkononi. Akasalimia, "Ejok," akakaa mlangoni. Madam akamweleza kwamba binti yake hataki kuhesabu mbuzi.

"Mwalimu, mifugo haihesabiwi," mzee akasema. "Unaita balaa."

"Hata wa chaki?"

"Hata wa chaki. Unajua ni wa nani?"

Madam hakucheka. "Sasa jioni unajuaje kama wametimia?"

"Nawajua kwa rangi. Naangalia tu kama kuna mmoja amebaki peke yake."

Madam akamgeukia Akiru, akamwonyesha mbuzi mmoja kati ya wale wa ubaoni. "Huyu mbuzi wangu, ako peke yake ama ako na wenzake?"

"Ako na wenzake," Akiru akajibu papo hapo.

"Basi kengele iko kwa nani?"

"Kwa mbuzi." Akachukua chaki, akaandika sentensi nzima bila kosa.

Mzee, ambaye hakujua kusoma, alimtazama Madam usoni. "Amepata?"

"Amepata."

"Basi afanye huo mtihani tuone."

Aliufanya, akapita, na muhula uliofuata nilimkuta dawatini amenitangulia.

Mwezi uliopita nilimtembelea Akiru kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, anakofundisha Kiingereza. Wanafunzi wake wametoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na hapa hapa Turkana, na wote wanaamini simu inajua kila kitu.

"Madam, kwani ni lazima? Simu inarekebisha yenyewe," kijana mmoja akamwambia.

"Na chaji ikiisha?" Akiru akauliza, akachora mbuzi wabaya kama wale wa Madam Rhoda. "Ako peke yake ama ako na wenzake?"

Msichana mgeni kutoka Kongo akainua mkono taratibu, akajibu kwa Kiswahili cha kwao. "Iko na benzake, Madame."

Akiru akampa chaki.

Enzi zetu tulibanana watano juu ya kitabu kimoja, kila mmoja akajua hata pumzi ya mwenzake. Siku hizi kila mtoto anainamia kioo cha simu yake, na ule mbanano ninaukumbuka. Lakini asubuhi ile wote walimtazama yule msichana akiandika, wakimnong'oneza kengele iko wapi.

Tulipotoka nilimuuliza Akiru darasa lake lina watoto wangapi.

"Idadi iko kwa rejista," akasema. "Mimi naangalia tu kama kuna mmoja amebaki peke yake."