Melania na Mafungu Mawili ya Makapi

Melania Eliakimu wa Simbo amekamua mawese kwa miaka ishirini na sita, kwa mashine ya chuma inayozungushwa kwa mikono. Nilimfahamu nilipostaafu kufundisha somo la uchumi na kuhamia jirani naye. Ninaandika habari zake kwa sababu ya jambo alilolifanya mwaka juzi, ambalo hadi leo linanistaajabisha.

Mwaka huo Oswald, fundi wa Katonga, alileta kijijini mashine ya kukamua inayoendeshwa kwa injini. Alikuwa tayari kumwachia Melania, ila kwa malipo alitaka shamba lake la chini, lenye michikichi thelathini iliyopandwa na marehemu mumewe. Hiyo ilikuwa nusu ya mali yake yote. Nikodemu, mdogo wake wa kiume, alimhimiza akubali.

"Dada, dunia inakimbia, wewe bado unazungusha chuma!"

"Ikimbie. Sisi kwanza tupime."

Zikachemshwa sufuria mbili za chikichi, sawa kwa sawa. Ya kwanza ilikamuliwa kwa mikono, ya pili kwa injini. Injini ilijaza ndoo. Mikono ilipungukiwa robo. Watu wakapiga vigelegele. Nami, niliyefundisha nadharia kwa miaka thelathini, nilikwisha kukata shauri moyoni: achukue mashine.

Melania hakushangilia. Alikusanya makapi ya mikono fungu lake, na ya injini fungu lake, akayaanika juani siku tatu. Siku ya nne akaniita.

"Shikamoo, Mwalimu. Keti hapo, utazame moto."

Makapi ya mikono, yaliyobaki na mafuta ndani, yaliwaka kwa nguvu mpaka sufuria ya chikichi ikaiva. Makapi ya injini yaliwaka kama majani makavu, yakazimika maji yakiwa bado vuguvugu.

"Mafuta niliyokuwa nayaacha hayakupotea," alisema. "Ndiyo yaliyokuwa kuni zangu."

"Kuni si zipo mlimani?" akadakia Nikodemu.

"Zipo, baba. Umewahi kuniletea hata ukuni mmoja? Siku mbili za kwenda kutafuta kuni ni siku mbili nisizokamua."

Gharama ya kitu ni kile unachokiacha ili ukipate: sentensi hiyo niliiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini sikuwahi kuiona ikitoa moshi.

Hata hivyo Melania hakuikataa mashine. Alimwita Oswald, akamweleza bila haraka:

"Shamba libaki langu, mashine ibaki yako. Miezi ya mavuno makubwa chikichi zinachacha huku nazitazama, mikono haitoshi. Hizo nitakuletea, ujilipe kwa mafuta."

Oswald akakubali, maana hakuna mtu kijijini aliyekuwa tayari kumpa shamba.

Msimu ulipopamba moto, Melania alipeleka kwa Oswald magunia matatu. Nikodemu alipolishika la nne, dada yake akamzuia.

"Si tumalize yote tu, Dada?"

"Yale matatu yangechacha kabla sijayafikia. Hili nitaliwahi."

Akainama, akalitia gunia mgongoni, akalipeleka kwenye chuma chake.