Bolsa Aliyoilipa Baba

Miaka ile baada ya uhuru hakuna aliyeuliza masomo yanagharimu kiasi gani. Ukichaguliwa, umechaguliwa. Mimi nilikuwa muuguzi kijana pale Mocímboa da Praia, wakanipa bolsa, ufadhili wa masomo, ya kwenda Maputo kusomea kazi ya kuwarudishia watu matumizi ya mikono yao: aliyekatwa mmoja ajifunze kufunga vifungo kwa uliobaki, aliyepooza ajifunze upya kujilisha. Serikali ililipa kila kitu, hadi viatu. Nami nikakubali kufanya kazi popote nitakapopelekwa, mpaka waseme basi.

Baba yangu, fundi cherehani, hakulipenda jambo hilo. "Bure gani hiyo isiyokuwa na mwisho?" aliniuliza. Nikamcheka, nikamwona mtu wa zamani.

Nilipomaliza walinipeleka Tete. Huko ndiko habari ilikonifikia kwamba baba amepatwa na kiharusi, upande wote wa kulia umelala. Nikaenda kwa diretor, mkuu wa hospitali, kuomba uhamisho. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

"Camarada, masomo yako yamelipwa na povo, na wananchi," akasema. "Huku wagonjwa ni wengi."

"Na baba yangu, yeye si povo?"

Alinipa likizo fupi, na sehemu kubwa ikaishia njiani kwa ajili ya vita.

Nilimkuta baba mkekani, mama akimlisha kama mtoto. Nikamkalisha kitini, nikauzungushia mpini wa kijiko kitambaa ili unenepe, nikamshikisha kwa mkono wa kushoto. Akakiachia kikaanguka.

"Mkono wa chooni huu, mwanangu. Miye n'le nao mbele ya watu?"

Mama akamkumbusha kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani alishakuja kumwambia mgonjwa hana dhambi. Baba akasema hazungumzii dhambi, anazungumzia aibu. Maputo walitufundisha misuli. Kuhusu aibu hawakutufundisha neno, na mimi niliyepigwa makofi utotoni kwa kupeleka mkono wa kushoto kwenye sinia sikufikiria kuwauliza.

Mazoezi mengine yote aliyakubali. Akajifunza kuchana ndevu, akashika mkasi wake kwa kushoto, akakata kitambaa kikapinda akacheka. Chakula, hapana. Nikalia jikoni kwa ghadhabu. Nikamwambia mama kwamba siondoki, acha wanifukuze, acha wanifunge wakitaka. Ukuta wetu ulikuwa wa miti na udongo, baba alisikia.

Asubuhi ya siku niliyopaswa kuondoka majirani walikuja kuniaga. Uji ulipoletwa, baba akakiomba kijiko mwenyewe. Akakishika kwa kushoto, akala mbele ya wote, taratibu, macho chini, mpaka bakuli likaisha. Majirani wakajifanya wanaangalia mizigo yangu.

"Umeona?" akaniambia. "Naweza. Nenda kawalipe wenzio."

Nilikwenda na furaha yangu, na kule Tete kila mgonjwa aliyekata tamaa nilimsimulia habari ya kijiko kile. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, baba alikuwa keshazikwa. Nikamuuliza mama kama mwisho wake alikuwa bado akijilisha.

"Alijilisha siku ile tu, mwanangu," mama akasema. "Gari lako lilipoondoka aliniambia n'kitupe kijiko."