Taa Nyekundu ya Pikapu ya Malolo

Wiki iliyopita nilikuwa Magomeni, pale Kilosa mjini, nanunua vitumbua, nikasikia gari likilia. Si honi, rafiki yangu. Ni ule mlio mkali wa mkanda wa feni unaoteleza, kama mwana-nguruwe aliyebanwa mlangoni. Hata sikugeuka. Nikamwambia mama wa vitumbua, "Gari la zamani hilo, mkanda umelegea, na muda si mrefu mwenyewe atalaumu betri." Kweli, gari likasimama mbele yetu, mwenyewe akafungua boneti, akaanza kuitukana betri. Yule mama akanitazama kama anatazama mganga.

Mimi si mganga. Mimi ni fundi wa umeme wa magari mwenye diploma, binti wa Malolo niliyejisomesha kwa vitunguu vya kulima mwenyewe, nikaenda mjini nikarudi na jina. Bango la karakana yangu pale Mikumi unaliona kabla hujafika kwenye kona. Nasema bila aibu, maana hata kujisifu nilifundishwa, na aliyenifundisha utakutana naye sasa hivi.

Malolo ya utoto wangu ilinuka vitunguu. Vilianikwa uani, vililala chini ya vitanda, hata uji wa asubuhi ulikuwa na harufu yake. Nililelewa na bibi, na katika kitongoji chetu gari lilikuwa moja tu, pikapu ya jirani yetu. Ilikuwa imechakaa mpaka hujui rangi yake ya kwanza ilikuwa ipi, na haikuwaka kwa ufunguo hata siku moja. Jirani aliiegesha juu ya mteremko karibu na kisima. Asubuhi abiria walikusanyika, wakaisukuma, ikabingirika hadi chini, ikakohoa, ikashika. Kwetu nauli ilikuwa ni pamoja na kusukuma. Hata bibi harusi niliwahi kumwona akisukuma, shela kaifunga kiunoni.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa maji. Tulijaza madumu ya rejeta, kwa sababu pikapu ile ilichemka kila baada ya vijiji viwili. Malipo yetu yalikuwa kuchungulia ndani. Kule ndani, chini ya usukani, iliwaka taa ndogo nyekundu. Nyumbani tulikuwa na kibatari tu, kwa hiyo taa isiyo na moshi wala utambi nilikuwa naitazama mpaka nasahau kupepesa.

Jirani alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli. "Kanisani kwetu," alikuwa akituambia, "taa nyekundu ikiwaka mnajua Bwana yupo. Na hapa ni hivyo hivyo. Ikiwaka, umeme upo. Siku ikizimika, gari limekufa." Kijiji kizima kikaamini. Wazee walipopanda walichungulia kwanza kama taa inawaka, ndipo wakakaa kwa amani. Bibi yangu peke yake alimtania: "Mwanangu, sisi Waanglikana gari tunalijua ni zima likitembea."

Lakini macho ya bibi yalikuwa yanazimika. Ukungu ulianza jicho moja, ukahamia la pili, mpaka ikawa mimi ndiye ninayemchambulia mchele na kumwambia nani anapita njiani. Ndipo habari ikafika kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitali ya misheni, Berega, na keshokutwa wanaondoka. Jirani hakungoja kuombwa. "Mama, nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Pikapu ipo, na taa inawaka."

Tuliondoka alfajiri, mvua ikinyesha. Bibi alikaa dirishani, mimi katikati, na kwenye mapaja yangu kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha. Kila tulipokanyaga dimbwi, kitu kililia kule mbele kwa sauti ya kukwaruza meno. Jirani akasema injini inaimba. Vifuta kioo vikaanza kwenda kwa uvivu kama mzee anayepanda ngazi. Honi ikageuka kikohozi. Pale Mikumi, pembeni ya barabara kuu, pikapu ikatulia yenyewe. Taa nyekundu nayo ikafifia, ikabaki kama kaa la mwisho jikoni.

"Mbona kimya?" bibi akauliza.

Jirani alikuwa ameshashuka, anafungua boneti. Bibi akasema polepole, "Giza nimeliona la kutosha, jamani. La njiani sikulihitaji."

Fundi mmoja, ndiye huyo mwalimu wangu wa kujisifu, alitokea upande wa pili wa barabara, anatembea kwa mikogo, mikanda ya feni kaivaa shingoni kama rozari. "Shikamoo bibi! Usihofu, umefika kwa fundi mwenyewe. Kuanzia Ruaha mpaka Morogoro, gari likininusa tu linapona."

"Marahaba, mwanangu. Lipone basi, maneno tutayasikiliza baadaye."

Akauliza maswali mawili. Maji yanachemka? Yanachemka. Betri inaisha? Inaisha. "Magonjwa mawili, mama mmoja," akasema. Akaazima umeme wa lori lililokuwa limeegeshwa jirani kwa nyaya mbili nene, injini ikawaka. Kisha akachukua dumu langu, akadondoshea maji kidogo kwenye mkanda unaozunguka. Kelele ikapanda. "Mnasikia? Ukiumwagia maji ukazidi kulia, umelegea. Unateleza tu kwenye puli, haya magurudumu yake. Huyu ndiye anayezungusha alteneta ya kutengeneza umeme na pampu ya maji. Yeye akilala, nyumba nzima inalala."

Akazima injini, akatuonyesha. Upande wa ndani mkanda ulikuwa unang'aa kama kiatu cha mkaguzi wa shule. Akaukata, akavua mwingine shingoni, akauvisha, akaivuta alteneta kwa kipande cha bomba, akakaza bolti, akaubonyeza kwa kidole gumba mpaka akaridhika. Lori likatuwasha tena, likapiga honi, likaenda zake.

Injini ikatulia vizuri sana. Mlio haukuwepo. Na taa nyekundu ikazimika.

Jirani aliiona, akapauka. "Umeniulia gari!" akapiga kelele, na kabla fundi hajafungua mdomo, akazima ufunguo.

Injini ikafa. Betri ilikuwa bado tupu. Lori halionekani tena.

"Mzee wangu," fundi akasema, mikono kichwani, "ile taa inawaka kukuambia hakuna chaji! Ikizimika ndiyo uzima! Umeendesha ugonjwa miaka yote hiyo ukiuita baraka?"

"Kama haiwaki," jirani akauliza, "nitajuaje kwamba umeme upo?"

"Utajua kwa kutoiona."

Mikumi pale hakuna mteremko. Ni lami tambarare, na Berega bado iko mbali. Bibi ndiye aliyefungua mlango kwanza. Akashuka kwenye mvua, akapapasa bodi mpaka nyuma, akaweka viganja. "Kwetu tunasukuma," akasema. Nikaenda kando yake. Fundi akaja. Kisha familia ya wafugaji waliokuwa wakipita, watu wa kutoka Kanda ya Ziwa, wakalaza fimbo zao chini bila kuuliza. Tukasukuma tukiteleza, mmoja wao akianzisha wimbo nisioujua lugha yake, mpaka pikapu ikashtuka na kushika. Jirani aliendesha amefunika ile taa kwa kiganja kimoja, hathubutu kutazama pengo lake.

Tulipita Kilosa, tukapita Dumila. Maji hayakuchemka. Jioni ilipoanza kushuka tukipandisha Berega, jirani akawasha taa za mbele. Rafiki yangu, sikuwahi kuona kitu kama kile. Nyasi, mawe, macho ya mbuzi, mlima mzima ukatoka gizani mbele yetu, na nilijua kwamba nguvu yote ile inaletwa na ukanda wa mpira unaozunguka. Bibi akaegemea mbele. "Kuna weupe," akanong'ona. "Nauona weupe."

Madaktari walimpokea. Bandeji ilipotolewa, mtu wa kwanza kuonwa naye nilikuwa mimi. "Kumbe umerefuka hivi," akasema. Tulipopanda pikapu kurudi, akainama, akachungulia chini ya usukani kwa muda mrefu. "Iko wapi hiyo taa mliyokuwa mnaisifu?"

"Imezimika, mama," jirani akajibu.

"Afadhali," akasema bibi, akageukia dirisha, wala hakuliacha mpaka Malolo.

Leo pikapu ile ni banda la kuku. Kwenye mteremko wetu kuna nyumba tatu za bati, na vijana wa sasa ukiwaambia nauli ilikuwa kusukuma wanacheka. Jirani hayupo, fundi wa rozari hayupo, bibi hayupo. Nimebaki mimi na diploma ukutani. Kila asubuhi nazungusha ufunguo wa gari la mteja, taa nyekundu inawaka, injini inashika. Vijana wangu wanaendelea na spana zao. Mimi nazuia pumzi, naingoja izimike. Inapozimika, naona mikono miwili ya kizee, imelowa mvua, ikisukuma kitu isichokiona.