Spika za Darini

Baba yangu alikuwa mtu wa kuona kitu kwa mwenzake, basi, hana usingizi tena mpaka na yeye awe nacho. Na wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, vya kuona vilikuwa vingi. Sisi tuliokulia Kibiti tukipanga foleni ya sabuni ya mche, ghafla tukaanza kuona magari yanapita barabarani yamesheheni magodoro, majokofu, na redio za kubebwa na watu wawili. Baba alikuwa akinunua kamba Nyamisati kwa wavuvi wa deltani na kumuuzia tajiri mmoja wa Dar es Salaam, mwenye lori na barafu. Bila barafu ya tajiri yule, kamba wa baba ni uvundo mtupu. Hilo tulilijua wote pale nyumbani, maana baba alikuwa akimtaja kwa kushusha sauti.

Siku moja akaenda Dar, akakaribishwa sebuleni kwa tajiri, akarudi mtu mwingine kabisa. Hakutuambia habari za soko wala za ndugu zetu wa Temeke. Habari ilikuwa moja tu, kwamba kwa tajiri muziki unatoka juu, darini, na redio yenyewe ukiitafuta huioni. Ati umekaa kwenye kochi lako, taarabu inakushukia utosini. Mama akamuuliza kwani redio ikikaa mezani haisikiki. Baba akamtazama kwa huruma na kusema mtu wa Chumbi, maana ndiko kwao mama, ataelewa nini.

Kwenda kuzinunua alinichukua mimi, mtoto wake wa pekee, kwa sababu nilikuwa darasa la sita na eti nilijua kusoma Kiingereza cha kwenye maboksi. Kiingereza gani! Nilijua kuhesabu na kutaja wanyama. Tukaingia duka moja Kariakoo lililojaa spika mpaka mlangoni. Muuzaji, kijana mpole aliyejua kazi yake, akatutolea aina mbili za kutia darini. Moja ilikuwa na uso wa plastiki nyeusi, nyingine uso wa karatasi. Akatuwekea kaseti, tukasikiliza zote. Ile ya karatasi, siwezi kudanganya, ilikuwa tamu. Mwimbaji ulimsikia mpaka anapovuta pumzi.

Muuzaji akamuuliza baba nyumba iko wapi, kwani ya karatasi haipendi unyevunyevu, inataka nyumba kavu. Baba akavuta shati lake, akasema nyumba iko Upanga. Nikamtazama. Upanga, kwa wakubwa wa Dar! Mtu ambaye nyumba yake masika inaota ukungu ukutani, viatu vikikaa chini ya kitanda vinaota manyoya ya kijani! Lakini baba hakuweza kusimama mbele ya kijana mwenye tai akasema natoka Kibiti. Tukauziwa za karatasi. Zilikuwa nne kwenye boksi moja, haziuzwi mbili mbili, na njia nzima baba alizipakata mwenyewe.

Fundi alitoka Ikwiriri. Alikuwa fundi redio mzuri, lakini spika ya kutia darini hakuwahi kuiona, na hakutaka kusema hivyo. Ndani ya boksi mlikuwa na duara la karatasi ngumu la kuchorea tundu. Fundi akadhani ni la kuzuia vitu visigongane, akalitupa uani. Kisha akaomba mfuniko wa sufuria, akaubana kwenye silingibodi, akachora kwa mkaa na kukata kwa msumeno wa chuma. Vumbi na mavi ya popo vikammwagikia usoni, akashuka anatema mate. Alipopandisha spika ya kwanza ikapitiliza tundu na kutokomea huko juu, ikabaki inaning'inia kwa waya wake.

Mtu mwingine angesimama afikiri. Yeye akakata matundu mengine matatu kwa mfuniko uleule. Kisha akapanda darini, akazifunga spika kwa waya kwenye boriti, na kwa chini akabandika vifuniko vyeupe vya matundumatundu vilivyokuja nazo. Pembeni ya kila kimoja ukabaki mwanya wa kupitisha vidole. Baba alipouliza, fundi akasema ule mwanya ni wa spika kupumulia. Baba akaridhika, tena akawa anawaeleza hivyo wageni.

Mbili zilikuwa sebuleni na moja chumbani kwa baba na mama. Ya nne ilikosa pa kwenda, mama akaomba iwekwe chumbani kwangu, nami nisikie mawaidha ya asubuhi. Redio yenyewe, redio kaseti ya gari inayotumia betri la lori, ikafichwa kabatini. Jirani zetu walikuja, wakakaa, wakatazama juu midomo wazi, na baba alifurahi siku ile kuliko nilivyopata kumwona. Nami nilifurahi. Nampa haki yake.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kuta. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za kwetu, kuta zake za ndani hazifiki kwenye bati. Zinakoma kwenye dari, na juu yake ni uwazi mmoja kuanzia sebuleni mpaka chumba cha mwisho. Zamani silingibodi ilikuwa imepigwa misumari vizuri, kila chumba na maneno yake. Sasa tulikuwa tumeitoboa kila chumba. Redio ikizimwa, nililala kitandani kwangu nikasikia baba anavyokoroma kana kwamba tumelalia mto mmoja. Nikamwambia mama, tukacheka mpaka machozi. Akaniambia ninyamaze, baba yako asije akasikitika.

Halafu nikavunja ungo, nikawekwa ndani.

Kwetu mwali anapowekwa ndani haonekani na mwanamume, na sauti yake haisikiki. Ukitaka maji unagonga ukuta. Ukiumwa unagonga ukuta. Kungwi wangu alikuwa shangazi yake baba, bibi mkavu mwenye mkono mzito, aliyelala na mimi chumba kimoja na kunisugua kila siku kwa msio mpaka ngozi ikawa laini ya mtoto mchanga. Yeye alinieleza kwamba mwali aliyesikika na wanaume ameharibika. Hachezwi, hatolewi kwa ngoma, na mtu wa maana hamposi. Baba alikuwa ameahidi mbele yangu na mama kwamba nikitoka nitarudi shule, nimalize la saba. Ahadi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiishi nayo mle gizani. Nilijikariria jedwali la kuzidisha kimoyomoyo mpaka nikawa naliota.

Masika ikaingia, na spika za Upanga zikaanza kuvimba. Kwanza zilikwaruza, baadaye zikawa zinanguruma, mwimbaji unamsikia kama ana mchele mdomoni. Kwa hiyo tajiri alipokuja kututembelea na wazee wake wawili, baada ya sala ya alasiri, baba aliwasha redio kidogo wazione tu, kisha akaizima kabla aibu haijawa kubwa. Nyumba ikatulia. Nikaanza kusikia vikombe vikipangwa sebuleni, kisha mtu akikohoa, kisha maneno yote.

Nikasimama juu ya kitanda, uso wangu chini ya tundu. Kungwi alikuwa ameketi mkekani anasuka ukili, akaniashiria nikae. Sikukaa. Mzee mmoja alikuwa akimpamba tajiri kwa maneno marefu, kwamba wake zake wa Dar wanaishi kwa raha, kwamba sasa anataka wa huku, aliyelelewa. Kisha tajiri mwenyewe akasema, kwa sauti yake ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba hataki binti atoke atembeetembee. Atoke ndani hapa, aingie ndani kwake. Nilikuwa nimemwona mara moja nikiwa mdogo. Alikuwa mkubwa kuliko baba.

Nikamsubiri baba ataje shule. Nilishika kingo za dirisha nikasubiri. Baba akasema, "Mimi na wewe ni ndugu. Ulichokiomba ni chako." Akaanza kuuliza ni mwezi gani utafaa.

Mtu akiniuliza leo nilifikiri nini, sitamwambia uongo. Sikufikiri kitu. Moyo ulinipanda, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nimeifungia mle ndani, "Simtaki!"

Kungwi aliruka mkekani akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Alinibana mpaka meno yakanikata mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshapita juu ya kuta zote na kushukia sebuleni kupitia matundu ya baba. Hakuna aliyeweza kujua limetoka chumba gani. Lilitoka juu tu, kwenye dari nzima.

 Nikasikia tajiri anauliza, kwa upole kabisa, "Nani huyo?"

 Nilimsikia baba anavuta pumzi. Kungwi hakuniachia mdomo, nami sikujitoa mikononi mwake, kwa sababu sasa nilikuwa nimeelewa nilichokifanya. Kilichobaki ni mtu mmoja tu mle sebuleni kusema ni mwali, basi, nimekwisha.

Mama alikuwa ukumbini nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Nilisikia sinia linawekwa chini. Kisha nikasikia sauti yake, wala hakuipandisha.

"Ni mimi. Nimesema simtaki huyu awe mkwe wangu."

Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Baba akamwambia mama arudi uani, nadhani alikuwa akimpa nafasi. Mama hakwenda. Akasema tena, "Simtaki. Mmenisikia." Mwanamke akiwakatiza wanaume posa ndani ya nyumba ya mumewe, mbele ya mtu mwenye barafu! Tajiri akacheka kidogo, akasema kumbe hapa nyumbani mwenye kauli ni mama. Ndipo baba akamwacha. Alimwacha palepale, talaka tatu, wageni wakiwa mashahidi na kahawa ikiwa haijamiminwa.

Mama alikuja chumbani kwangu amejitanda khanga, bunda lake begani. Kungwi akageukia ukuta kumpa nafasi. Nilitaka kumkumbatia, akanishika mabega akanizuia kwanza, anataka nimsikilize.

"Wewe hukusema neno. Akikuuliza yeyote, hukusema. Hata mimi nikija kukuuliza, hukusema."

Kisha ndiyo akanikumbatia. Alinukia moshi na iliki. Sikuweza kumsindikiza hata mlangoni, mwali hatoki, na kulia kwa sauti pia sikuweza. Nikauma shuka. Jioni ile chakula changu alikileta jirani.

Tajiri hakurudi, wala lori lake. Alitafuta mtu mwingine wa Nyamisati, na baba akaishia kuuza kamba waliokaushwa juani, kidogokidogo, sokoni Kibiti. Aliniacha ndani muda mrefu, nadhani hakujua anifanye nini. Nilipotolewa nilichezwa vizuri, ngoma ilipigwa, watu walisema mwali ametakata. Mama alikatazwa kukanyaga uani. Alikuja kutoka Chumbi akasimama ng'ambo ya barabara na wapita njia, ananitazama nimebebwa mabegani, na mimi nilikuwa nimefundishwa kuinamisha macho. Nilimwona miguu tu.

Shule nilirudi. Nikamaliza la saba, na sikufaulu. Nilikuwa nimekosa mengi, na akili yangu haikuwa darasani. Nikahamia Chumbi kwa mama, tukalima mpunga pamoja mpaka viganja vyangu vikawa kama vyake. Sikumwomba msamaha kwa sababu alikuwa amenikataza kuwa na kosa. Nilijaribu mara moja shambani, akaniambia tuharakishe ndege wanamaliza mpunga. Alifariki kwa homa ya siku chache, masika ambayo mto ulikata njia na gari halikuweza kupita.

Baba aliishi zaidi yake. Alioa, akaacha, akaoa tena, na alipougua hakuwa na wa kumuuguza, nikaenda mimi. Nilikwenda na kinyongo changu, sikukificha. Nilimwosha, nikampikia uji, na sikumchekea. Alasiri moja nilikuwa nakorogea dawa kikombeni, akaniambia ghafla kwamba ile siku ya wageni, ile sauti ilikuwa yangu.

Nikaacha kukoroga. Nikamwuliza nani kamwambia, kungwi?

"Niambiwe na nani? Mimi simjui mwanangu, simjui mke wangu? Nilijua palepale."

Nikamwuliza kama alijua, mbona alimwacha. Alitazama mlango, macho yamemjaa maji ya uzee au ya kitu kingine, sijui.

"Wageni walikuwa wananitazama," akasema.

Nikaweka kikombe karibu yake mahali anapoweza kukifikia, nikatoka uani nikakaa. Aliniita mara mbili. Sikuitika.