Taa Nyekundu ya Mama

Baba alipoanza kupoteza uwezo wa kusikia hakutuambia. Tuliambiwa na betri. Pikapu yake ilikuwa na feni ya redieta ya kuwashwa kwa swichi, na kwa kuwa hakuisikia tena ikinguruma, aliiacha ikizunguka mpaka kunakucha. Asubuhi tunasukuma gari, yeye analaumu betri, mimi nanyamaza kwa shida, maana sikuumbwa kunyamaza.

Kilichoniuma zaidi ni Mama. Tulikuwa tukiishi Isinya, na siku za kupeleka kuku Kitengela yeye alipanda nyuma kulinda makreti. Akitaka gari lisimame aligonga paa la kebini. Siku moja kreti lilifunguka, akagonga mpaka kiganja kikavimba, na Baba akaendelea tu na safari. Baadaye alisema ni upepo. Mama hakumbishia, lakini nilimwona jikoni akijikanda mkono, nikaogopa kwamba siku nyingine atakayeanguka ni yeye.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa fundi wa umeme wa magari. Nikamwekea Baba taa mbili ndogo za LED kwenye dashibodi, ya kijani ya feni na ya manjano ya spotilaiti. Kila moja niliipa rizista isiungue, na waya wake nikautoa upande wa pili wa swichi, ili iwake pale tu kitu chenyewe kinapowaka. Nikamdanganya kwamba ndio mtindo wa siku hizi. Akazitazama, akasema ni maridadi. Mzee ana kiburi, nami nimekirithi chote, basi tukaachia hapo.

Wiki iliyofuata akaja gereji mwenyewe, mkononi ana swichi ya kengele ya mlango.

"Hii weka huko nyuma," akasema bila kunitazama. "Na taa yake uniwekee hapa mbele ya macho. Nyekundu. Mama yako amechoka kugonga."

Nilijifanya natafuta waya chini ya kiti, nikalia kidogo.

Safari ya kwanza nilikaa naye mbele. Tulipopita mashamba ya maua, nyekundu ikawaka. Akakanyaga breki, akashuka haraka hadi nyuma, nami nikamfuata. Kuku walikuwa salama. Mama naye ameketi tu, kidole bado kiko kwenye swichi. Akamwambia Baba polepole, ili asome midomo, kwamba hakuna shida, alikuwa anajaribu tu.

Nilidhani Baba atakasirika. Akamkazia leso kichwani, kwa sababu ya vumbi.

"Sawa," akasema kwa ile sauti yake kubwa ya siku hizo. "Mbele huko ujaribu tena."