Mtu wa Namanga

Kwenye mazishi ya bibi yangu huko Nyakach, mchungaji alisema mbele ya watu wote kwamba marehemu aliishi kwa binti yake Kitengela miaka mingi akilea wajukuu. Nusura nisimame nimsahihishe. Dani, ndivyo tulivyomwita kwa Kijaluo, hakuishi kwetu miaka hiyo. Aliishi ng'ambo ya barabara, katika chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka la Mama Ndanu, mama wa Kikamba. Alikuja kwetu alfajiri baba akishaondoka, na jioni aliondoka kabla baba hajarudi. Mchungaji alimaliza, tukaimba, nami nikakaa na hasira yangu mpaka udongo ukajaa.

Watu ambao si Wajaluo wakisikia habari hii huniuliza kama Dani na baba walikuwa wamekosana. Hapana. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta mahali pengine pa kutazama. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Siku hizi wengi wameiacha, hasa hapa mjini, lakini Dani hakuwa mmoja wa hao wengi.

Alikuja kwa dharura. Mama alikuwa na mimba ya ndugu yangu Brayo, presha ikampanda, daktari akamkataza hata kuinua sufuria. Mimi nilikuwa mdogo, bado sijaanza shule. Dani alishuka kwenye basi la kutoka Kisumu akiwa na begi moja na kuku kwapani, na hata kabla hajaliweka begi chini akauliza, "Margaret, mimi nalala wapi?" Mama akamwonyesha ng'ambo. Baba alikuwa ameshalipia kile chumba siku mbili kabla. Nasema hivi ili mjue baba yangu, Ondiek, ni mtu wa aina gani: hakungoja kuambiwa.

Alikusudia kukaa mpaka mtoto azaliwe. Brayo akazaliwa, akawa mtoto wa kuugua kifua, na mama akarudi kufundisha kule Kajiado mjini, anatoka asubuhi na kurudi jioni amechoka. Dani akasema ataondoka mtoto akianza kutembea. Brayo akatembea. Akasema ataondoka akianza shule. Baadaye aliacha kusema.

Wanaoijua Kitengela ya wakati ule, kabla ya hizi barabara za ndani kuwekwa lami, wanakumbuka tope lake. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi hunata, unavua kiatu kwenye mguu na kubaki nacho. Dani alitupeleka shule peku, viatu vyetu na soksi akiwa amevifunga kwenye mfuko, mkononi kibuyu cha plastiki chenye maji ya uvuguvugu. Tukifika kwenye geti anatukalisha juu ya jiwe, anatuosha miguu, anaipangusa katikati ya vidole, anatuvisha. Mimi niliona aibu. Kisha mtoto mmoja wa darasa letu, Cindy, akaja akasimama mbele ya Dani na miguu yake ya tope bila kusema kitu. Dani akamwosha. Kesho yake wakawa wengi, na kibuyu kikawa ndoo. Mwalimu wa zamu akamuuliza siku moja ameajiriwa na nani. "Na hawa," akajibu, bila kuinua kichwa.

Yeye na baba waliongea, msidhani hawakuongea. Waliongea kupitia sisi. Baba anasimama uani, Dani yuko jikoni, dirisha liko wazi, na mimi niko katikati nikichezea mchanga.

"Sheryl, mwambie Dani dawa ya Brayo nimeweka juu ya friji."

"Dani, baba anasema..."

"Nimesikia. Mwambie asante. Mwambie shati yake ya buluu iko na kifungo imetoka, nimeshona."

"Baba..."

"Nimesikia. Mwambie Mungu ambariki."

Nilikuwa simu isiyohitaji kuchajiwa. Nilipofika umri wa kubishana nilimwuliza Dani hii kazi itaisha lini, maana wote wawili wana masikio. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nyathina," akaniambia, yaani mtoto wangu, "nikianza kumwongelesha huyo mtu moja kwa moja, siku moja nitamwambia neno mbaya. Sasa hivi hakuna neno mbaya inaweza kupita kwako."

Jioni moja ya mvua baba alirudi mapema, akachungulia mlangoni akamwona Dani amelala kwenye kochi, Brayo kifuani. Hakuingia. Alienda kukaa dukani kwa Mama Ndanu juu ya gunia la maharagwe, akangoja mpaka Dani aamke mwenyewe. Aliporudi alikuwa amelowa hadi mgongoni na hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika, kwa niaba yake, na mama akanituma kule jikoni nikamenye vitunguu.

Basi miaka ikaenda namna hiyo. Mimi nikamaliza chuo, nikapata kazi Rongai, nikapanga chumba Gataka. Brayo akaota ndevu. Dani hakuwa na mtu wa kulea tena, lakini bado alivuka barabara kila asubuhi, akawasalimia akina mama wa Kimaasai wanaoleta maziwa, wakisema "Supa" naye akijibu "Ipa" kwa lafudhi yake ya Nyakach, wakicheka pamoja. Alituchagulia mboga, alituchambulia mchele, alitupikia samaki ambao hakuwahi kumwona baba akiwala.

Mwaka jana miguu ikaanza kumvimba. Moyo ulikuwa umechoka, daktari akasema, na mapafu yana maji. Asubuhi moja hakuvuka. Mama Ndanu alimkuta sakafuni, akiwa na fahamu lakini hawezi kuinuka, akiomba msamaha kwa kusumbua. Aliporuhusiwa kutoka hospitali alipewa masharti: asilale peke yake, na usiku alale na mashine ya oksijeni.

Hapo ndipo tulipokwama. Nilisema nitahamia kwa Dani, nitalala naye. Lakini kwa Mama Ndanu mpangaji mmoja akiwasha pasi, umeme wa ploti nzima unakatika, na choo kiko mwisho wa ua. Nyumba nyingine ya kupanga, pamoja na kukodi ile mashine, hatungeweza. Nyumba yetu ilikuwa pale pale ng'ambo, ina umeme mzuri, ina chumba changu kitupu chenye choo karibu. Mama akamsihi. Mimi nikamsihi. Niseme ukweli, nilimfokea.

"Dani, ni mila gani hii inataka ufe?"

"Sijasema nataka kufa. Nimesema nataka kwenda nyumbani."

Nyumbani ni Nyakach, kwenye nyumba ya bati isiyo na umeme kabisa. Babu alikufa zamani, na wajomba zangu wawili nao wamelala pale nyuma ya nyumba karibu naye. Jirani wa karibu ni mama mzee kuliko Dani. Nilijua, mama alijua, na yeye alijua vizuri kutuzidi, kwamba kule asingemaliza mwezi. Akamwambia Brayo amtafutie tiketi ya basi ya Jumatatu. Mama alilia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikike.

Jumamosi jioni baba akaniita nje. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amehamishwa. Kampuni yake ya kusafirisha mizigo ina ofisi kule mpakani, Namanga, wanamhitaji huko kwa muda usiojulikana. Kisha akanitazama muda mrefu kuliko kawaida yake, nikaelewa kwamba hajahamishwa popote.

Jumapili tukamleta Dani kwetu baada ya kanisa, kwa chakula cha mchana tu. Baba akatoa sanduku nje, akaliweka ndani ya gari, akasimama uani karibu na dirisha la jikoni.

"Sheryl! Mwambie Dani nimepewa kazi Namanga. Naenda leo. Nyumba inabaki ya Margaret."

Dani alikuwa ameshika kikombe cha uji. Akanywa funda moja, akakiweka mezani.

"Mwambie safari njema," akasema.

Gari likatoka. Baba alifuata barabara ya Namanga kweli, mpaka Kisaju, akanywa chai na mandazi mawili, halafu giza lilipoingia akarudi kwa njia ya nyuma na kuingia katika kile chumba cha Mama Ndanu, ambacho kodi yake ilikuwa bado haijaisha. Usiku ule Dani alilala kwenye kitanda changu, mashine ikinguruma pembeni. Nyumba ambayo mwenyewe hayupo, alisema, mama anaweza kumuuguza binti yake ndani yake. Nilimkumbusha kwamba mgonjwa ni yeye. "Usinichanganye," akajibu.

Sijui kama wazee wa Nyakach wangelikubali jambo lile. Sikuwauliza.

Tuliishi hivyo wiki baada ya wiki. Mimi nilikuwa nakuja kila Ijumaa na kurudi Gataka Jumatatu. Dani alipata nguvu kidogo, akawa anakaa jikoni kwenye kiti chenye mito na kutuamrisha. Baba alienda kazini kwake kule kule alikokwenda siku zote, na jioni alikaa gizani kwenye dirisha la kile chumba akitazama taa yetu. Mama alikuwa akibeba hotpoti ya chakula cha baba kila jioni, anaaga: "Napeleka salamu kwa Mama Ndanu." Tulikuwa na hofu moja tu. Dani akigundua kwamba mwenye nyumba yuko hapo ng'ambo, na kwamba ametolewa kitandani kwake kwa sababu yake, atapanda basi. Tulimkanya Brayo asitaje hata jina la baba. Mama Ndanu naye akakanywa, na kwa mwanamke yule kunyamaza ni kazi ya sulubu.

Ijumaa moja mama alikuwa amenunua ngege, yaani sato, wakubwa, wabichi kutoka Kisumu. Dani alisimamia mapishi kutoka kwenye kiti chake: nyanya zaidi, moto kidogo, usiguse. Walipoiva, mama akageuka upande, akatia ugali na kipande cha samaki kwenye hotpoti, akafunika haraka.

"Umeweka wapi?" Dani akauliza.

"Wapi nini, Mama?"

"Kipande gani umeweka?"

Mama alisimama na hotpoti mkononi. "Mkia," akasema kwa sauti ndogo.

"Toa." Dani akanyoosha kidole kwenye sufuria. "Mtu wa Namanga hali mkia. Weka kichwa, na umwage supu juu. Namanga hakuna samaki."

Mama akautoa mkia, akaweka kichwa na supu. Nilimwangalia Dani kuona kama atainuka atafute begi lake. Hakuinuka. Alikuwa anapangusa mikono kwa leso yake, polepole, kidole kwa kidole.

"Umejua lini?" nikamwuliza.

"Nani anapelekea Mkamba salamu na ugali kila siku?" Kisha akasema, bila kicheko sasa, "Huyo mtoto wa watu amelala kwa kitanda yangu ile mbovu miezi yote hii, na hajaniambia. Mimi nitasema nini? Ameniheshimu. Acha na mimi nikae." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyajali. "Sheryl, peleka wewe. Mama yako anatetemeka atamwaga."

Nikavuka barabara. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na fulana ya ndani, miguu yake ikigusa ukuta wa pili. Alifunua hotpoti, akakiona kichwa, akakijua. Katika nyumba yetu kichwa cha ngege kilikuwa chake tangu siku ya kwanza, na Dani ndiye aliyekuwa akimwekea.

"Nani amepakua?"

"Dani. Anasema Namanga hakuna samaki."

Baba alifunika uso kwa kiganja. Mabega yalimtikisika, sikujua ni kicheko au nini, mpaka alipoutoa mkono nikaona machozi. Kisha akanawa, akala. Alikula taratibu, akanyonya mifupa, akala mashavu na macho, hakuacha kitu. Alipomaliza akanipa hotpoti tupu.

"Mwambie nimeshiba," akasema.

Nikarudi. Dani alikuwa amelazwa tayari, mrija puani, lakini macho yalikuwa mlangoni yakinisubiri.

"Anasema ameshiba."

"Amekula macho?"

"Amekula."

"Basi ameshiba kweli," akasema, akageukia ukuta akalala.